Ersilia na Msumari wa Kumi na Mbili

Siku Ersilia Bovo alipostaafu, baada ya kupiga pasi miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha udobi cha mahoteli hapa kwetu Torino, bosi wake alimsimamisha mbele ya wenzake, akatoa hotuba ndefu, akamkabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Ersilia akaifungua. Pasi! Haki ya Mungu, pasi. Mtu ameshika pasi tangu ana miaka kumi na tisa, siku ya kuiaga unampa nyingine aende kulala nayo. Wenzake waliinamisha vichwa wakatazama viatu vyao. Ersilia akasema asante, akampa bosi mkono, akatoka na pasi yake kwapani moja kwa moja hadi kwa muuza mitumba nyuma ya kituo cha treni. "Hii mpya, haijaonja hata moto," akamwambia. "Nipe chochote ulicho nacho, bora kisiwe na waya." Muuza mitumba akampa kamera kuukuu ya chuma, ya kutumia filamu, ambayo uzito wake ulikaribia ule wa pasi.

Miaka kumi na moja imepita tangu siku ile, na kamera bado ni ileile. Ersilia sasa ana miaka sitini na minane, mfupi, mikono minene mpaka viwikoni, na mdomo wake haujawahi kukosa jibu.

Wenzake wa picha ni watatu. Kuna Ademaro, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, anayesafisha filamu za wote bafuni kwake, na ndiye mtunza sheria. Kuna Clelia mwenye duka la dawa, shoga yake Ersilia wa kufa na kuzikana, mwanamke wa pete nyingi na ulimi usio na breki. Na kuna Bartolo, kinyozi, ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake. Kila Alhamisi wanakutana kwenye baa ya Gualtiero, na kila mwaka, mwezi wa tano, wanapanda treni kwenda mji mmoja wa pwani ya Mediterania, siku mbili, kupiga picha na kula. Wameshakwenda Marseille, Napoli, Valencia, hata Palermo, ambako Bartolo alikula mpaka akaitiwa daktari, na daktari alipofika akamkuta anaagiza tena.

Sheria za Ademaro hazina mjadala. Kila mtu filamu moja, picha thelathini na sita, basi. Simu hazitoki mfukoni. Picha ya thelathini na sita haichezewi, ni ya pamoja: inapigwa kituoni kabla ya kupanda treni ya kurudi, kamera zote zikipangwa juu ya benchi zijipige zenyewe, na Bartolo kila mwaka anatokea kafumba macho. Wakifika nyumbani, picha zinatandazwa mezani bila majina, kila mtu anapiga kura moja kwa picha isiyo yake, na itakayoshinda Gualtiero anaitundika ukutani na jina la mpigaji chini yake. Gualtiero alipigilia misumari kumi na miwili tangu mwanzo, akaapa kwamba wa kumi na tatu utapigiliwa kwenye jeneza lake, maana ukuta wenyewe unamomonyoka. Misumari kumi na mmoja imeshapata picha. Ademaro ana sita, Clelia tatu, Bartolo mbili. Ersilia hana hata moja.

Sababu inajulikana na baa nzima. Ersilia anapiga picha za nguo zilizoanikwa. Mpeleke mji wenye makanisa ya dhahabu na bahari ya buluu, yeye atasimama kichochoroni kaangalia juu, kakodolea macho mashuka ya watu. Anasema kamba ya nguo inamweleza nyumba nzima: hapa kuna mtoto mchanga, hapa kuna kijana kaanza kazi juzi, hapa mume na mke hawasemezani, tazama soksi zao zilivyoanikwa mbalimbali. Wenzake wanacheka wanavunjika mbavu, kisha wanapigia kura machweo ya Ademaro.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Genova.

"Mwaka huu lazima nipande ukutani," Ersilia alisema treni ilipong'oa nanga pale kituoni. "Umebaki msumari mmoja, na ni wangu."

"Kwa chupi za nani safari hii?" Clelia akauliza.

Bartolo alicheka mpaka mkate ukampalia, ikabidi Ademaro ampige mgongoni.

"Chekeni tu. Nisipopanda, kamera hii naipeleka kwa yule wa mitumba anirudishie pasi yangu."

Alisema anacheka, lakini Clelia, aliyemjua, alimtazama mara mbili. Ersilia hakuwa anatania. Miaka kumi na moja anakaa kila Alhamisi chini ya ukuta ule, anasoma majina ya wenzake, anakunywa kahawa yake, na moyoni anajiona kama mtu aliyealikwa kwa kuonewa huruma. Wao walisoma, yeye aliishia darasa la tano. Hakuna aliyewahi kumwambia neno baya, ila ukuta ulikuwa unamwambia. Ilimuuma, na alichoka kujifanya haimuumi.

"Weka filamu kwanza, mama, ndio uote misumari," Clelia akamwambia.

"Filamu? Naiweka nimefumba macho."

"Huwezi."

"Naweza."

"Huwezi, Ersilia!"

Mmh! Ersilia huyo, mwambie hawezi. Akafumba macho hapohapo, akafungua mgongo wa kamera, vidole vikapapasa, akatumbukiza filamu, akachomeka ule ulimi wa filamu kwenye ufa wa kigurudumu, akafunga, tak! Abiria wa viti vya jirani wakapiga makofi. Mzee mmoja akavua kofia kabisa.

"Ersilia," Ademaro akasema kwa upole, "ukivuta filamu, tazama kile kidude cha kushoto juu ya kamera. Kisipozunguka, filamu haijashika."

"Mwalimu, umestaafu. Mtihani umekwisha."

Wakacheka wote, na hakuna aliyetazama kidude.

Ijumaa ilikwenda vizuri kupita kiasi. Wakachovya mikate bapa ya mafuta kwenye kahawa ya maziwa kama Wagenova wenyewe, wakapanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakalia, na Ersilia akapiga picha kumi na tano, kila moja akijua kwa nini anaipiga. Kuna siku jicho linakubali tu. Hata mwenyewe alishangaa.

Jumamosi saa nne asubuhi, yeye na Clelia walikuwa wanapita kichochoro kimoja nyuma ya bandari, chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jua huingia mle kwa dakika chache tu, kisha linakwenda zake. Ersilia akatazama juu kama kawaida yake, akasimama ghafla, Clelia akamgonga mgongoni. Ghorofa ya tano, katikati ya ovaroli za buluu na taulo za jikoni, lilikuwa limeanikwa gauni la harusi. Gauni la kizamani la pamba nyepesi, lesi kifuani na mikononi, jeupe mpaka linaumiza macho.

Dirisha likafunguka. Kikatokea kichwa cha bibi kizee mwenye vibanio vya nguo mdomoni. Napoli ukipiga picha nguo za watu wanakurushia busu. Genova wanakurushia maneno.

"We mama! Unazipiga picha chupi zangu?"

"Chupi zako ziko salama, bibi! Natazama gauni!"

"Ni gauni langu, na kesho mjukuu wangu anaolewa nalo! Halitazamwi ovyo!"

"Basi aliyelianika akajifunze kuanika! Kalibana mabegani! Likikauka hivyo litaota masikio, bibi harusi aonekane paka!"

Clelia akamshika mkono. "Twende, Ersilia. Tutamwagiwa maji hapa, tena ya mboga."

"Nimelianika mimi!" bibi akapiga kelele. "Mimi Tilde Parodi! Naanika nguo kwenye kamba hii tangu wewe unanyonya!"

"Kumbe una miaka yote hiyo unakosea! Libane kwenye upindo, kichwa chini, uzito wake ulinyooshe lenyewe!"

"Na wewe ni nani wa kunifundisha?"

"Dobi! Miaka thelathini na minane!"

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Clelia akapumua. Lakini Ersilia hakusogea, na mara dirisha likafunguka tena. Mikono miwili ikavuta kamba, roda ikilia kwi, kwi, kwi, gauni likaingia, kukawa na manung'uniko, kisha likatoka limegeuzwa kichwa chini. Wakati huohuo upepo wa bandarini ukapita, ukalijaza gauni, mikono ya lesi ikashuka hewani ikawa inapungia watu wa kichochoroni, na jua likaangukia pale pale. Bibi Tilde alikuwa kainama dirishani, kibanio mdomoni, anacheka bila kutaka. Ersilia akabonyeza.

Akashusha kamera taratibu. Alijua.

"Utanitumia hiyo!" bibi akapaza sauti.

"Nakuletea mkononi, bibi! Naahidi!"

Njia nzima Ersilia alikuwa anatembea kama msichana anayerudi dansi. Clelia alianza kumtania, akaacha, akasema tu, "Shoga, nimeiona. Hiyo ndiyo." Na Clelia si mtu wa kutoa sifa.

Saa kumi jioni walikutana wote wanne kwenye ngazi za bandarini, wakala chapati ya unga wa dengu ikiwa moto, wakafuta vidole. Treni ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Ademaro akauliza kila mtu amebakiza ngapi, na kila mmoja wa wenzake Ersilia alikuwa amebakiza moja, ile ya kituoni.

"Yangu ina baraka," Ersilia akasema huku akivuta na kubonyeza. "Nilikuwa nahesabu vibaya nini? Hiyo thelathini na nane. Hiyo thelathini na tisa. Arobaini! Inakwenda tu!"

Hakuna aliyecheka. Mtu yeyote aliyewahi kupiga picha kwa filamu anajua maana ya arobaini. Bartolo aliacha kutafuna, na hilo si jambo dogo. Ademaro akanyoosha mkono. "Vuta," akasema. Ersilia akavuta. Wote wanne wakatazama kile kidude cha kushoto, nacho kikatulia tuli.

Ademaro akafungua mgongo wa kamera. Ulimi wa filamu ulikuwa umelala palepale ulipoingilia, haujashika popote, safi. Siku mbili nzima Ersilia alikuwa anapiga picha hewa.

Alikaa kwenye ngazi. Gauni, jua, kicheko cha bibi, hamna. Alikumbuka treni, macho yaliyofumbwa, makofi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ni mimi niliyekuchokoza," Clelia akasema, sauti ndogo. "Ersilia, ni mimi."

"Si wewe. Ni huu mdomo wangu." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Basi. Nitakunywa kahawa chini ya ukuta mpaka nife."

Ademaro alikuwa amepiga goti, anaichomeka filamu upya, polepole, anatazama kidude kikizunguka. Alipomaliza akamwekea kamera mapajani. "Ersilia, filamu haijapigwa hata moja. Sisi tuna picha moja moja. Wewe unazo thelathini na sita. Hapa wewe ndiye tajiri."

"Na gauni liko mtaa wa tatu tu," akasema Bartolo. "Simama, mama. Jikaze kisabuni."

Wakaenda mbio. Yaani fikiria hao watu, jumla yao miaka karibu mia tatu, wanakimbia vichochoroni na kamera zinawagonga vifuani. Walipofika, kivuli kilikuwa kimeshajaza kichochoro chote. Kwenye kamba ya ghorofa ya tano vilibaki vibanio vitupu.

Ersilia akapanda ngazi. Hakubisha hodi mara mbili, mlango ulikuwa wazi na kelele zilikuwa zinatoka ndani. Alichotaka kilikuwa kichwani: atamwomba bibi alianike tena, dakika tano tu, hata bila jua.

Jikoni kulikuwa na wanawake sita wamelizunguka gauni lililolazwa mezani kama mgonjwa. Kila mmoja alikuwa anamsukumia mwenzake pasi. Bibi Tilde alikuwa ameketi, mkono wa kulia umefungwa bendeji: mchana uleule alikuwa ameteleza jikoni. Kando kulikuwa na kitambaa cha meza chenye alama ya pasi, kahawia, umbo kamili. Hayo yalikuwa majaribio ya shangazi mtu. Bibi harusi mwenyewe, Noemi, alikuwa analia kwa hasira.

"Dobi!" Bibi Tilde akapiga ukelele. "Huyu ndiye! Huyu wa vibanio! Mungu wangu, nani kakuleta?"

Ersilia alilitazama gauni. Lilikuwa bado na unyevu kidogo, unyevu uleule unaotakiwa, na ndani ya saa moja ungekwisha. Akajua kwamba likirudi kwenye kamba, halitanyooka tena kabla ya harusi. Akajua pia kwamba akishika pasi, picha ndiyo basi. Sitakudanganya, alisita. Alisimama pale na kamera shingoni akiutaka ule msumari kwa roho yake yote.

Kisha akavua kamera, akaiweka juu ya kabati, akakunja mikono.

"Wote rudini nyuma. Taulo nene, mbili. Kitambaa cheupe chenye maji. Na huyo shangazi aondolewe humu ndani."

Nyumba ikacheka, hata shangazi. Ersilia akaligeuza gauni ndani nje, akalaza lesi kifudifudi juu ya taulo ili nakshi isibonyee, akajaribu pasi kwenye pindo la ndani pasipoonekana, akaanza. Alianza na mikono, akaja kifuani, akamalizia sketi, na njia nzima alikuwa anaimba kwa pua bila kujua. Mvuke ukapanda. Pamba ilikuwa inanyooka mbele yake, mkunjo baada ya mkunjo. Bibi Tilde alikuwa ameegemea mbele, kaziba mdomo kwa ule mkono mzima.

Wenzake walikuwa wamefika mlangoni, wamebanana, wanahema. Miaka kumi na moja wanamjua, hawakuwahi kumwona akifanya kazi yake.

Ersilia akasikia tak. Akainua macho. Ilikuwa kamera ya Ademaro, mtunza sheria mwenyewe.

"Mwalimu! Hiyo si ya kituoni?"

"Nyamaza, piga pasi," Ademaro akasema.

Clelia akainua ya kwake. Bartolo naye akainua, tumbo likimsukuma Clelia, na Bibi Tilde akajipenyeza katikati yao kwa kiwiko, naye anataka kuona wanachoona. Ersilia akaisimamisha pasi wima, akanyoosha mkono kabatini, akachukua kamera, na akawapiga wao wakiwa wanampiga yeye, pembe ya gauni ikiingia mbele ya picha. Kidude cha kushoto alikitazama alipovuta. Kilizunguka. Akairudisha kamera, akashika pasi, kwa sababu sketi ilikuwa inakauka.

Treni ya saa kumi na mbili na nusu iliondoka bila wao. Walikuwa wanakula tambi zenye mchuzi wa kijani wa rihani, Noemi amesimama juu ya kiti amevaa gauni lisilo na mkunjo hata mmoja, na Ersilia akimmalizia filamu yote iliyobaki. Kituoni hapakupigwa picha ya pamoja, maana hakuna aliyekuwa na picha iliyobaki.

Alhamisi iliyofuata picha zikatandazwa mezani kwa Gualtiero. Bila majina, lakini safari hii ilikuwa bure, kila mtu alijua ipi ya nani. Tatu kati yazo zilikuwa za Ersilia mwenyewe, kainama kwenye mvuke, mikono yake minene juu ya lesi. Alizitazama muda mrefu. Katika miaka thelathini na minane hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha kazini. Hakuwa anajua kwamba anapofanya kazi ile uso wake unakuwa hivyo, umetulia, mzuri. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Akaulizwa kura yake, akashindwa kuchagua, akaziweka zote tatu kwenye mkoba.

Wale wengine hawakushindwa. Kura tatu, picha moja, ile aliyowapiga wao mlangoni.

"Kumbe hata leo ni nguo!" Bartolo akapiga meza. "Amerudi kwenye nguo zake, na mimi nimempigia kura mwenyewe!"

Nakala ya picha ile, pamoja na zile za Noemi, Ersilia alizipeleka Genova mkononi kama alivyoahidi, na Bibi Tilde akamlalamikia kwamba kiwiko chake kimetoka kinene. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Alhamisi ile, Gualtiero alipanda ngazi yake, akaitundika picha kwenye msumari wa kumi na mbili, akashuka, akarudi nyuma hatua mbili na kukunja uso.

"Hawa watu hawana sura. Kamera tupu. Nani ni nani?"

"Tumbo ni Bartolo," Ersilia akamwambia. "Mapete ni Clelia. Huyo aliyenyooka kama rula ni mwalimu. Kiwiko ni cha mwenye nyumba."

"Na wewe uko wapi?"

Ersilia akavuta kiti chake cha siku zote, kile cha chini ya ukuta, akakaa.

"Mimi ndiye wanayemtazama," akasema.